Njia Walizozijua Mabibi: Kisa cha Tembo wa Tarangire katika Ukame wa 1993

Katika kipindi cha miezi tisa ya mwaka 1993, ndama 16 wa tembo kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire walikufa. Katika mwaka usio na ukame, ndama wanaokufa katika hifadhi hiyo ni wawili hivi katika kila mia; mwaka ule walikufa ishirini katika kila mia. Chanzo kilikuwa ukame, mkali kuliko wowote uliolipata eneo hilo kwa miaka 35 iliyotangulia. Mpaka hapo kisa hiki hakina jambo la kushangaza, kwa kuwa ukame huua, na huanza na wadogo. Lakini watafiti Charles Foley, Nathalie Pettorelli na Lara Foley walipozichambua takwimu hizo ukoo kwa ukoo badala ya kuzitazama kwa jumla, na kuyachapisha matokeo mwaka 2008, ilionekana kwamba msiba haukuwafika tembo wote kwa kiasi kimoja. Kati ya koo tatu zilizochunguzwa, mbili ziliondoka hifadhini na moja ikabaki, na ule uliobaki ulipoteza ndama wengi kuliko zile mbili zikijumlishwa: zaidi ya asilimia 60 ya vifo vyote vya mwaka huo vilikuwa vyake.

Kwa nini wengine waliondoka na wengine wakabaki, ilhali wote walikuwa tembo wa hifadhi moja, wakinywa mto mmoja, chini ya jua lile lile? Jibu ambalo watafiti hao walilipendekeza linahusu umri, na kwa undani zaidi linahusu kumbukumbu. Naliona kuwa mojawapo ya majibu yenye uzito mkubwa ambayo utafiti wa wanyamapori wa Tanzania umewahi kuyatoa, na nasikitika kwamba limebaki kusomwa na wataalamu wachache, wakati uamuzi juu ya ardhi inayoizunguka Tarangire unaendelea kufanywa kana kwamba halikuwahi kutolewa.

Mto na kanuni zake mbili

Ili kulielewa jambo hili ni lazima kwanza kuielewa Tarangire yenyewe. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,850 hivi, si makazi ya mwaka mzima kwa wanyama wake wengi. Mvua zinaponyesha, nyumbu, pundamilia na sehemu kubwa ya tembo hutawanyika nje ya mipaka, wengine wakielekea mashariki kwenye tambarare za Simanjiro, wengine kaskazini kupitia Kwakuchinja kuelekea Ziwa Manyara. Kiangazi kinapokaza, wote hurudi kuufuata Mto Tarangire, ambao hubaki na maji wakati vijito na mabwawa ya nje yamekauka. Hata pale mto unapoonekana mkavu, tembo huchimba mchanga kwa miguu na mkonga hadi maji yapatikane, na wanyama wengine huyanywa nyuma yao.

Kanuni ya kawaida ya maisha ya tembo wa Tarangire kwa hiyo ni moja na ni rahisi: kukikauka, ingia hifadhini, kaa karibu na mto. Tembo mwenye miaka 20 ameijaribu kanuni hiyo mara 20 na haijapata kumwangusha. Hahitaji kufundishwa na mzee yeyote, kwa sababu kila kiangazi kinamfundisha upya.

Ukame wa aina ya 1993 unaigeuza kanuni hiyo kuwa mtego. Katika ukame mkali tembo huuawa na njaa mara nyingi kuliko kiu. Maji ya mto yanaweza kuwapo, lakini majani, magome na nyasi zilizo umbali wa kutembea kutoka mtoni huwa zimekwisha kuliwa na maelfu ya midomo iliyokusanyika hapo kwa sababu ile ile. Mama mwenye njaa hupungukiwa maziwa. Ndama aliye chini ya miaka miwili hana namna nyingine ya kuishi isipokuwa maziwa hayo, na hana nguvu ya kutembea kila siku kati ya maji na malisho yanayozidi kuwa mbali. Hapo ndipo kanuni ya pili inapohitajika, nayo ni kinyume kabisa cha ile ya kwanza: acha mto, toka nje, nenda kwenye maji na malisho ya mbali kabla nguvu hazijaisha.

Kanuni hii ya pili haiwezi kujifunzwa kwa mazoea. Ukame wenye ukali huo ulikuwa haujaonekana katika eneo hilo tangu kipindi cha 1958 hadi 1961. Tembo aliyezaliwa mwaka 1965 alifikisha miaka 28 bila kuihitaji hata siku moja, na katika muda wote huo maisha yake yalimthibitishia kwamba mto ndio wokovu. Kwa tembo kama huyo kubaki Tarangire mwaka 1993 halikuwa kosa la uzembe. Ulikuwa uamuzi sahihi kwa kila alichokijua.

Nani alikuwapo mwaka 1958

Familia ya tembo hujengwa na majike. Jike huzaliwa katika kundi la mama yake na hubaki humo hadi kufa, akizungukwa na dada, mashangazi, mabinti na wajukuu, wakati dume huondoka anapobalehe. Familia zenye undugu au mazoea ya karibu hutembea katika eneo moja na kuunda kile ambacho watafiti wanakiita ukoo. Anayeamua kundi liende wapi kwa kawaida ni jike mzee kuliko wote, na wengine humfuata hata pale ambapo wao wenyewe hawana sababu ya kuona kwamba safari inahitajika. Kwa Kiswahili chetu huyo ni bibi, kwa maana ya umri na pia kwa maana ya mamlaka.

Katika koo mbili zilizoondoka walikuwamo majike waliokuwa wamefikisha angalau miaka mitano wakati wa ukame wa 1958 hadi 1961, yaani waliokuwa wamekaribia au kuvuka miaka 40 ilipofika 1993. Katika ukoo uliobaki hakuwapo hata mmoja. Watafiti walieleza kwa tahadhari kwamba huenda majike hao wazee walikumbuka kile kilichofanyika katika ukame wa utoto wao, na kumbukumbu hiyo ikaziongoza koo zao kutoka.

Hapa kuna nukta ambayo naona ndiyo inayokifanya kisa hiki kuwa cha kujifunza kijamii na si cha kumbukumbu ya mtu mmoja mmoja tu. Tembo jike wa miaka mitano hachagui njia. Mwaka 1958 hao waliokuja kuwa mabibi wa 1993 walikuwa watoto wanaotembea kwenye kivuli cha mama zao, na kilichowatoa kwenye ukame ule hakikuwa busara yao bali ya mzee fulani aliyekuwa mbele, ambaye naye lazima aliijua njia kutoka mahali fulani. Walichokipata siku zile walikipata kwa kufuata, hatua kwa hatua, wakaona maji yaliyopatikana mwisho wa safari, na miaka zaidi ya 30 baadaye wakawa wao ndio wanaofuatwa. Kwa hiyo maarifa yaliyookoa ndama mwaka 1993 yalikuwa yamekwisha kupita kutoka kizazi kimoja hadi kingine angalau mara moja. Hakuna somo lililotolewa, wala hakuna sauti ya kufundisha ambayo mtu angeweza kuinasa. Kuna kufuata tu, lakini kufuata huko kunatosha kubeba elimu kuvuka nusu ya maisha ya tembo.

Wanasayansi wanaouita mwenendo wa namna hii utamaduni hawadai kwamba tembo wana mila kama zetu. Wanamaanisha maarifa au tabia ambazo mnyama huzipata kwa wenzake na si kwa kurithi mwilini, ambazo kundi moja linaweza kuwa nazo na jirani yake likazikosa, na ambazo hudumu kwa sababu wadogo huzichukua kwa wakubwa. Kwa kipimo hicho, koo tatu za Tarangire, zilizo jamii moja ya mnyama katika hifadhi moja, ziliukabili ukame zikiwa na elimu tofauti.

Je, ushahidi unatosha?

Uchambuzi wa haki hauna budi kukiri mipaka ya kisa hiki. Koo tatu ni chache, na ukame mmoja ni tukio moja. Inawezekana ukoo uliobaki ulikuwa na eneo lake la mazoea ambalo kulitoka kulikuwa kugumu zaidi. Inawezekana pia kwamba kilichofanya kazi hakikuwa kumbukumbu ya 1958 mahususi, bali ni uzoefu wa jumla wa jike mzee: utulivu wake, ukubwa wa mtandao wake wa majirani, mamlaka ya kuwasogeza wenzake. Hakuna anayeweza kumuuliza.

Lakini kisa hiki hakisimami peke yake, na hapo ndipo mashaka yanapopungua. Kule Amboseli, Kenya, upande wa pili wa mpaka na kwa tembo ambao wamejulikana mmoja mmoja tangu miaka ya 1970, Karen McComb na wenzake walizisikilizisha familia miito iliyorekodiwa ya tembo wengine, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba familia zilizoongozwa na majike wazee zilitofautisha vizuri zaidi sauti ya tembo wanayemfahamu na ya mgeni, na kwamba familia hizo zilizaa ndama wengi zaidi. Miaka kumi baadaye wakaonyesha kwamba viongozi waliovuka miaka 60 waliitambua kwa haraka zaidi hatari ya ngurumo ya simba dume, ambaye anaweza kumuangusha ndama, kuliko viongozi vijana.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lina mvuto wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Tembo wa Amboseli walichezewa sauti za watu wakisema maneno yale yale, kwamba kundi la tembo linakuja, mara kwa Kimaasai na mara kwa Kikamba. Waliposikia wanaume wa Kimaasai, ambao katika ugomvi wa malisho na maji huweza kuwachoma tembo mikuki, walijikusanya na kurudi nyuma kuliko waliposikia wanaume wa Kikamba. Na sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai hazikuwatia hofu kwa kiwango hicho. Tembo anayeweza kuitambua lugha, jinsia na umri wa msemaji, na kujua ni yupi kati yao wa kuogopwa, amebeba elimu ambayo haiwezekani kila ndama akaipata kwa kuchomwa mkuki mwenyewe. Ameona wakubwa wakikimbia, naye akakimbia.

Ukiweka matokeo hayo pembeni ya koo tatu za Tarangire, maelezo ya kumbukumbu yanakuwa ndiyo yenye nguvu kuliko mengine. Kwa maoni yangu yanatosha kuwa msingi wa uamuzi wa kihifadhi, kwa sababu gharama ya kuyapuuza iwapo ni ya kweli ni kubwa mno ikilinganishwa na gharama ya kuyazingatia iwapo yana kasoro.

Risasi zilizochelewa kuua

Swali linalofuata ni zito zaidi. Kwa nini ukoo uliobaki haukuwa na jike hata mmoja mwenye umri wa kutosha?

Katika miaka ya 1970 na 1980 ujangili wa meno ya tembo uliikumba Tanzania nzima, na Tarangire haikusalimika. Meno ya tembo hayaachi kukua maisha yote ya mnyama, kwa hiyo jangili anayetafuta uzito huanza na madume wakubwa, na hao wakipungua hugeukia majike wazee. Ujangili kwa maana hiyo haukupunguza kundi kwa bahati nasibu kama ugonjwa ufanyavyo; ulilikata kundi kichwani. Mwaka 1989 serikali ilianzisha Operesheni Uhai iliyohusisha vyombo vya ulinzi, na mwaka huo huo nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya meno ya tembo. Mauaji yakapungua sana. Kwa hesabu ya vitabuni, hatari ilikuwa imepita.

Miaka minne baadaye ukaja ukame. Kama tafsiri ya Foley na wenzake ni sahihi, sehemu ya ndama waliokufa mwaka 1993 waliuawa na risasi zilizopigwa kabla wao hawajazaliwa, kwa sababu risasi hizo ziliwaondoa mabibi ambao wangewatoa hifadhini. Hasara ya namna hii haionekani katika sensa yoyote. Tembo aliyeuawa huhesabiwa mara moja, siku mzoga wake unapopatikana, lakini elimu aliyokuwa nayo huendelea kuidai familia yake miaka mingi baada ya mifupa kusagika.

Ushahidi wa karibu na huu unapatikana Mikumi, ambako katika muongo ulioishia 1989 ujangili uliondoa takriban robo tatu ya tembo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipima homoni za msongo katika kinyesi cha majike wa huko, muda mrefu baada ya bunduki kunyamaza, na kukuta kwamba walioishi katika makundi yasiyo na jike mzee wala undugu wa karibu walikuwa na msongo mkubwa zaidi na walizaa kidogo zaidi kuliko wenzao ambao familia zao hazikuvunjwa.

Afrika Kusini ilijifunza jambo hilo kwa njia ya aibu. Ndama walionusurika katika mauaji ya kupunguza tembo katika hifadhi ya Kruger walihamishiwa hifadhi nyingine, Pilanesberg, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila mzee yeyote wa kuwalea, na madume yao yalipokua yakaanza kuwaua vifaru weupe, zaidi ya 40 kati ya 1992 na 1997. Mwaka 1998 walipopelekwa madume sita wakubwa kutoka Kruger, mauaji hayo yalikoma. Hata hivyo majike wa Pilanesberg waliofanyiwa jaribio la sauti zilizorekodiwa, kama lile la Amboseli, walionyesha mwaka 2013 kwamba bado hawakuweza kupambanua tembo wa kuogopwa na asiye wa kuogopwa. Miongo miwili na zaidi haikuwa imetosha kuijenga upya elimu ambayo ilibomolewa kwa siku chache.

Ni haki kutaja pia habari njema. Kule Samburu, kaskazini mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha mabinti wa tembo waliouawa wakizifufua nafasi za mama zao katika jamii, wakiurithi uhusiano ambao mama hao walikuwa nao na familia nyingine. Tembo si viumbe dhaifu wanaosambaratika kwa pigo la kwanza. Lakini uhusiano unaweza kufufuliwa na binti anayejua nani alikuwa rafiki wa mama. Njia ya kwenda kwenye maji yanayohitajika mara moja katika miaka 30 haiwezi kufufuliwa na mtu ambaye hajawahi kuipita.

Idadi iliyorudi na umri usiorudi

Kati ya 1993 na 2005 tembo waliokuwa wakifuatiliwa kaskazini mwa Tarangire waliongezeka zaidi ya mara mbili, kwa kasi ya karibu asilimia 7 kwa mwaka, ambayo kwa mnyama anayebeba mimba miezi 22 iko karibu na ukomo wa uwezo wake. Haya ni mafanikio ya kweli ya askari wa wanyamapori na watafiti, na hayastahili kubezwa. Ila yanaonyesha vilevile jinsi idadi inavyoweza kumpumbaza msimamizi. Kundi la tembo 50 lenye mabibi watatu na kundi la tembo 50 la vijana watupu huandikwa kwa tarakimu ile ile. Sensa ya anga, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha takwimu zetu za taifa, haiwezi kutofautisha jike wa miaka 25 na wa miaka 55 kutoka juu.

Jambo hili lina uzito wa kitaifa. Kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka zaidi ya 109,000 hadi 43,000 hivi, sehemu kubwa ya hasara ikiwa katika mifumo ya Selous na Ruaha. Tangu hapo tumekuwa tukipima kupona kwa kuuliza ni tembo wangapi wamerudi. Swali la ni majike wangapi waliovuka miaka 40 wamebaki katika kila ukoo, na wapi hawapo kabisa, ndilo lingetuambia ni koo zipi zitabaki mtoni siku ukame mkali utakaporudi. Kulijibu kunahitaji watu wa kukaa porini miaka mingi wakiwatambua tembo mmoja mmoja kwa mikato ya masikio na umbo la meno, kazi ya polepole ambayo wafadhili huichoka mapema.

Njia isiyopitwa

Nimefika kwenye sehemu ya kisa ambayo inanitia wasiwasi kuliko zote. Kumbukumbu ya bibi inafaa tu iwapo mahali anapopakumbuka bado panafikika. Mabibi wa 1993 walitoka katika hifadhi iliyokuwa na majirani wachache kuliko sasa. Leo Kwakuchinja, kipande chembamba cha ardhi kinachoiunganisha Tarangire na Manyara, kinapitiwa na barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma, na pande zake kuna makazi, mashamba na shughuli za uchimbaji wa fosfeti kule Minjingu. Upande wa Simanjiro jembe limekuwa likisogea kwenye tambarare ambazo zamani zilikuwa za malisho tu.

Yapo mema yaliyofanyika. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge na ile ya Randileni zimetenga ardhi ya vijiji kwa ajili ya wanyama. Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kiliingia mwaka 2005 katika makubaliano na kampuni za utalii ya kulipwa kila mwaka ili kipande cha tambarare yake kibaki malisho na kisilimwe. Kanuni za shoroba za wanyamapori zilizotolewa mwaka 2018 zimeweka utaratibu wa kisheria wa kuzitambua na kuzilinda njia hizo.

Tatizo liko katika namna ya kuutambua ushoroba. Kwa kawaida huchukuliwa data za visukuma mawimbi, yaani vifaa vya kuonyesha mahali mnyama alipo, vilivyofungwa shingoni mwa tembo wachache kwa miaka miwili au mitatu, pamoja na nyayo na vinyesi, na pale wanyama wanapoonekana wakipita ndipo panapochorwa kwenye ramani. Pasipopitwa panahesabiwa kuwa pamekufa na panaweza kugawiwa kwa kilimo bila hasara. Kisa cha Tarangire kinaupinga mtazamo huo moja kwa moja. Njia ya ukame mkali ni njia ambayo haitapitwa kwa miaka 20 au 30 na bado ikawa ndiyo yenye thamani kuliko zote. Visukuma mawimbi vya miaka mitatu haviwezi kuiona, kama vile ambavyo mtu aliyehamia kijijini juzi hawezi kujua ni kisima kipi kilibaki na maji mwaka wa njaa. Ushahidi wa kuwapo kwake unaweza kupatikana kwa watu badala ya mitambo: wafugaji wa Kimaasai wa Simanjiro na Monduli, ambao nao hutenga malisho ya akiba wanayoyaita alalili, wana wazee wanaokumbuka wanyama walielekea wapi katika miaka mibaya. Wazee hao pia wanapungua.

Lazima niseme kwa uaminifu kwamba elimu ya tembo haimpendezi binadamu kila mara. Utafiti wa Amboseli uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba dume kijana huelekea zaidi kuvamia mashamba iwapo rafiki zake wakubwa ni wavamizi. Mkulima wa pembezoni mwa Burunge ambaye shamba lake la mahindi limeliwa usiku mmoja hana sababu ya kushangilia kwamba tembo hufundishana. Lakini uelewa huo huo unamsaidia: ukijua kwamba tabia hiyo huenea kupitia tembo fulani wanaofuatwa, unaweza kuwashughulikia hao mapema kwa pilipili, mizinga ya nyuki na doria, na utajua pia kwamba kumpiga risasi jike kiongozi wa familia kwa sababu ndiye aliyeonekana mbele ni kuliacha kundi zima la vijana bila mwongozo pembeni mwa mashamba yale yale. Mkulima huyo anastahili fidia ya haraka, maana bila hiyo hakuna ushoroba utakaodumu kwa ridhaa.

Kimataifa hoja hii imeanza kupata nafasi. Mkataba wa kuhifadhi wanyama wanaohama ulipitisha mwaka 2014 azimio juu ya utamaduni wa nyangumi na pomboo, na mwaka 2017 ukaweka hatua za pamoja kwa sokwe wa Afrika Magharibi wanaovunja kokwa kwa mawe. Tembo wa savana wana ushahidi usiopungua huo.

Majike waliokuwa ndama wa miaka mitano mwaka 1993, wakaongozwa kutoka Tarangire nyuma ya bibi zao, leo wamevuka miaka 35. Wana ndama wao, na baadhi huenda tayari wana wajukuu. Mabibi waliowatangulia safari ile, kama wapo walio hai, wamekaribia au wamefika miaka 70, umri ambao tembo wachache sana huufikia. Ukame mwingine wa aina ile ukija, hawa ndio watakaotazamwa na koo zao, na watakachojaribu kukifanya ni kutoka kwa njia ile ile waliyopitishwa wakiwa wadogo.